Msichana Mdogo Katika Nyumba ya Naamani

Masomo: 2 Wafalme 5:1-27, Matendo ya Mitume 8:1-4, 1 Petro 3:13-17



Kabla ya kufungua Neno, niwaungamie jambo moja. Mchungaji naye ana madeni mbele ya Mungu, na deni hili limenilalia moyoni muda mrefu.

Nilikaa miaka sita katika lupango moja na fundi wa kushona, hapa Lubumbashi, komini ya Katuba. Nyumba yake na yangu zilitazamana, katikati bomba moja la maji na mti mmoja wa maembe. Tuliazimana makala, tuliazimana chumvi, watoto wetu walikula bukari katika sahani moja. Jumapili asubuhi mimi na jamaa yangu tulivaa nguo zetu za kijani na nyeupe, tukatoka. Yeye alikuwa amekaa mlangoni karibu na cherehani yake. Alitusalimia, tukamwitikia, tukaenda zetu. Na linalonichoma zaidi ni hili: zile nguo za kijani na nyeupe, ni yeye aliyezishona.

Halafu aliugua, akafa. Siku za kilio mke wake aliniambia, bila hasira: "Papa Mchungaji, marehemu alikuwa akiniuliza sana, hawa watu wanaomba namna gani? Nikamwambia, si uwaulize wenyewe? Akasema, hapana, ile ni dini ya watu wa Bas-Congo, ni ya kabila lao. Kama ingekuwa ya watu wote, wangekwisha kuniambia."

Ndugu zangu, miaka sita ni Jumapili zaidi ya 300. Mara zaidi ya 300 nimepita mbele ya mtu mwenye kiu, nimebeba maji, nikamsalimia tu. Usiku ule sikulala. Nilifungua Biblia, na Bwana akanipeleka kwa mtoto mmoja ambaye Maandiko hayakutaja hata jina lake. Huyo ndiye ninayetaka tumwangalie pamoja leo.

Fungueni Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya tano. Naamani alikuwa mkubwa wa jeshi la Shamu, mtu mwenye heshima mbele ya mfalme wake, mshindi wa vita. Lakini alikuwa na ukoma. Siku moja askari wake waliingia katika inchi ya Israeli kunyang'anya, wakachukua msichana mdogo, wakamleta awe mtumishi wa mke wa Naamani. Msichana huyo akamwambia bibi yake kwamba kama bwana wake angefika kwa nabii aliye Samaria, angeponywa ukoma wake. Basi. Hakusema neno lingine. Hesabuni wenyewe katika Biblia zenu, ni mstari mmoja tu.

Na kutoka kwa mstari huo, tazameni yaliyofuata. Mfalme wa Shamu anaandika barua. Fedha na dhahabu zinapakiwa, farasi na magari ya vita yanatoka. Mfalme wa Israeli anararua nguo zake kwa hofu. Nabii Elisha anatuma ujumbe. Naamani anaingia Yordani mara saba, na nyama yake inarudi kuwa kama ya mtoto. Wakubwa wote hao walisukumwa na neno la mtoto mtumwa, pengine akiwa ameshika ufagio.

Sisi tuna kwaya, tuna fanfari, tuna vipaza sauti. Na jirani yangu amekufa bila kujua tunaomba nani. Yule msichana alikuwa na nini ambacho mimi sikuwa nacho?

Tangu utoto tunafundishwa maneno matatu: Bolingo, Mibeko, Misala. Kwa Kiswahili chetu ni Upendo, Amri, Kazi. Tuyachukue moja moja, tuone kama tutayakuta kwa msichana huyu.

1. UPENDO

Nani alimteka msichana? Askari wa Shamu. Mkubwa wao alikuwa nani? Naamani. Biblia haisemi baba na mama yake walipatwa na nini siku ile. Lakini watu wetu wa Ituri na wa Kivu hawahitaji kuelezwa maana ya watu wenye silaha kuingia katika mji na kuondoka na watoto. Basi huyu mtoto anaamka kila asubuhi katika nyumba ya mtu aliyevunja nyumba yao. Anamwona mtu huyo anaoza ngozi. Angaliweza kunyamaza. Angaliweza kusema moyoni, Mungu amenilipia. Nani angemlaumu?

Lakini alimtakia uzima. Hapo ndipo ushuhuda wote unapoanza, ndugu. Hauanzi siku tunapotaka watu waongezeke katika daftari la parokia. Unaanza siku ninapomtakia mtu mema kwa kweli, hata kama hatakuja kamwe kuketi kwenye viti vyetu. Mwenye kutafuta hesabu atawaona watu wenye nguvu na wenye franka, atawapita wagonjwa. Mwenye upendo anaanza na mwenye ukoma.

Sasa tukumbuke historia yetu, kwa sababu iko karibu sana na historia ya msichana huyu. Tarehe 6 Aprili 1921, kule Ngombe-Kinsuka, Papa Simon Kimbangu alimwombea mama mgonjwa kwa jina la Yesu, naye akapona. Watu walianza kumiminika Nkamba kutoka pande zote. Waliacha kazi na mashamba, na Leta ya Wabeleji ikaogopa. Mwezi wa sita askari walitumwa kumkamata, akawaponyoka. Lakini tarehe 12 Septemba mwaka ule ule alijitoa mwenyewe mikononi mwao. Hakuwaambia watu wachukue silaha. Tarehe 3 Oktoba 1921, kule Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, korti ya askari ilimhukumu kifo na viboko 120. Mfalme wa Wabeleji aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakamleta mbali na kwao, mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu hii. Alikaa gerezani miaka 30, akafa hapa tarehe 12 Oktoba 1951.

Sisi wa Katanga tusisahau jambo hili. Mtu wa Nkamba aliishi miaka 30 katika mji wetu, kati ya watu wasiosema lugha ya mama yake. Alikuwa mbali na Nkamba kama msichana yule alivyokuwa mbali na Samaria.

Wafuasi wake nao walifukuzwa kwao, wanaume, wanawake, na watoto waliozaliwa njiani. Wengine walipelekwa Lowa kando ya mto Lualaba, wengine Oshwe, wengine Ekafera, wengine Kasaji. Leta ilifikiri inazima moto. Lakini mnajua mambo ya mbabula. Mtu akiipiga teke ili moto uzimike, makaa yanaruka huku na huku, na kila kaa linaweza kuwasha moto mwingine pale linapoangukia. Watu waliofukuzwa walifika pahali ambapo hakuna aliyewaita. Walilima, walioana, waliomba, walisalimia wenyeji. Watu wa huko wakawauliza, ninyi mmefanya kosa gani? Katika kujibu ulizo hilo, Habari Njema ikaingia mahali ambapo hakuna mhubiri aliyetumwa. Someni Matendo ya Mitume sura ya nane, mtaona kwamba waamini wa Yerusalemu walitawanywa namna hiyo hiyo, na walihubiri kila walipopita.

Lakini hapa niseme taratibu. Katika mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 Goma ilichukuliwa na waasi wa M23, na mwezi wa pili Bukavu. Tuna ndugu waliokimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na wengine wamezika watu wao bila jeneza. Kwa ndugu hao siwezi kusema kwa urahisi, mpendeni adui. Nasema hili tu. Msichana yule hakusema kwamba Naamani alifanya vema kumteka. Hakuuita ubaya wema. Alikataa kitu kimoja: alikataa ubaya wa Naamani uufunge moyo wake mwenyewe, usitoe tena mema. Kama leo huwezi bado, mwambie Mungu kwamba huwezi bado. Hata maombi hayo Mungu anayasikia.

2. AMRI

Ulizo la pili. Kwa nini walimwamini? Neno la mtoto, tena mtumwa, tena mgeni, limebebwa mpaka kwa mfalme. Biblia haikueleza sababu, lakini sisi tunajua maisha ya nyumba. Kama mtoto huyo angekuwa mwizi wa sukari, au mwongo, au mwenye kupeleka maneno kwa majirani, bibi yake angecheka. Angesema, wewe uliyeiba jana, leo unatuambia habari ya nabii? Lakini neno lake lilipokelewa, kwa sababu maisha yake yalikuwa yamekwisha kulitangulia.

Ndugu, tunazo amri. Hatunywi pombe, hatuvuti tumbako, hatuendi kwenye dansi, mwanaume ana mke mmoja, hatushiki dawa za ulozi. Majirani wanajua. Na kuna njia mbili za kuharibu ushuhuda huo.

Ya kwanza ni kuzivunja tukiwa tumevaa kijani na nyeupe. Mama fulani sokoni aliniambia habari ya muuza unga, mwamini wetu. Jumapili yuko mbele kwenye gwaride. Jumatatu anapima unga kwa kopo ambalo chini yake limebonyezwa kwa nyundo lisijae vizuri. Yule mama akaniuliza, "Papa, katika amri zenu, kopo halimo?" Sikuwa na jibu. Kopo limo, ndugu. Deni la duka limo. Mshahara wa mtumishi wa nyumbani limo. Mwanaume asiyekunywa pombe lakini anampiga mke wake usiku, lupango nzima inasikia, na kila pigo ni mahubiri.

Ya pili ni kuzishika kwa kiburi. Tunampita mlevi kana kwamba tunapita takataka. Mlevi naye ana macho. Anaona kwamba hatunywi, na anaona pia kwamba hatumpendi. Basi anajifunza kwamba Mungu wetu ni Mungu wa kudharau watu. Amri tulipewa ili zitulinde, hatukupewa kiti cha kuketi juu ya wengine.

Na tusome sura ile mpaka mwisho, kwa sababu huko yuko Gehazi. Naamani alipopona alirudi na zawadi zake kwa Elisha. Elisha alikataa hata kipande kimoja, ili mtu huyu wa inchi nyingine ajue kwamba neema ya Mungu haina bei. Lakini Gehazi, mtumishi wa nabii, aliona fedha inarudi Shamu, roho ikamuuma. Akamkimbilia Naamani, akasema uongo kwa jina la bwana wake, akapata talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Akapata na ukoma wa Naamani pamoja.

Fikirini: mtoto mtumwa alifungua mlango kwa neno moja, na mtu wa nyumba ya nabii karibu aufunge kwa tamaa moja. Leo katika kartie zetu wako wanaoomba bahasha kabla ya kuombea mgonjwa, wanaotaja bei ya baraka, wanaomtuma mjane auze redio yake apate mume. Tusiseme tu kwamba hao ni watu wa makanisa mengine. Kila mmoja wetu aliyepewa kazi katika Kanisa ajiangalie mikono. Gehazi alikuwa mtu wa ndani.

3. KAZI

Msichana alikuwa akifanya kazi katika nyumba ile. Hakungoja kurudi Israeli ndipo awe na maana. Na katika sura ile ile wako wafanyakazi wengine tunaowasahau. Naamani alipokasirika, akakataa kuoga katika Yordani, watumishi wake walimkaribia wakamwita baba, wakamweleza kwa akili na kwa heshima. Kama hawakufanya kazi hiyo, angerudi na ukoma wake. Wokovu wa mkubwa ulipita mara mbili katika mikono ya wadogo.

Katika Kanisa letu tumkumbuke Mama Marie Mwilu. Mume wake alipopelekwa gerezani mwaka 1921, yeye alibaki na watoto watatu wa kiume na kundi lililotawanyika. Kuomba kwetu kulikatazwa. Alilishika kundi hilo kwa siri miaka mingi. Alifariki tarehe 27 Aprili 1959. Leta ilitambua Kanisa tarehe 24 Desemba mwaka huo huo. Karatasi ile hakuiona. Mwaka 1981, tarehe 6 Aprili, hekalu la Nkamba lilifunguliwa, lililojengwa kwa mikono na kwa franka za waamini, na hilo nalo hakuliona. Alipanda, wengine wamevuna. Mwenye kumshuhudia Kristo akubali jambo hilo mapema, kwa maana pengine wewe ni wa kupanda tu.

Kazi zetu tunazijua. Tuna masomo, tuna vituo vya afya, tuna mashamba. Nawaomba wote wanaofanya kazi humo: mgonjwa asiyeomba nasi apewe kitanda kama mwingine, na mtoto wa Mwislamu au wa Mkatoliki afundishwe kwa uvumilivu ule ule. Na msaada usiwe ndoana. Mtu akipewa dawa leo, kesho akaulizwa mbona hujaja kuomba, hapo tumemuuzia kile ambacho Elisha alikataa kuuza.

Lakini kazi iliyo kubwa zaidi haina jengo. Ni kumsindikiza jirani hospitali saa nane ya usiku. Ni kuketi kwenye kilio mpaka siku ya mwisho, wakati wengine wamekwisha kurudi kwao. Ni kusafisha pahali pa bomba hata kama zamu si yako. Mimi mwenyewe, kazi hizi kidogo nilizifanya. Basi kwa nini bado nasema nina deni?

4. NA KINYWA

Hapo ndipo nilipokosa. Fundi yule aliona kwamba hatunywi. Aliona tunasaidia. Nafikiri alijua kwamba tunampenda. Upendo, Amri na Kazi, vyote aliviona kwa macho, lakini masikio yake yalibaki matupu. Alishona nguo, hakuambiwa maana yake. Msichana wa Naamani angaliweza kuwa mpole, mnyofu, mwenye bidii miaka yote, na bwana wake angalikufa na ukoma kama asingefungua kinywa siku ile.

Wengi wetu tunaogopa. Tunasema, sikusoma sana, sijui kujibu maswali. Msichana naye hakusoma. Basi nipeni ruhusa niseme mambo machache, ambayo nimejifunza nyuma ya kushindwa kwangu.

Kwanza, anza na kile ulichopokea wewe. Usianze na historia yote tangu 1921. Sema: nilikuwa hivi, Bwana Yesu amenifanyia hivi. Hakuna mtu atakayekushinda katika habari ya maisha yako.

Pili, sema kwa lugha yake. Nyimbo zetu za Kikongo na za Lingala ni mali, tusizitupe. Lakini hapa Katanga, na Maniema, na Kivu, mtu akiingia mara ya kwanza asiketi masaa matatu kama mtu aliye mbele ya mlango uliofungwa. Mwimbe, halafu elezeni kwa Kiswahili. Na wakubwa wa parokia waangalie ni nani wanaosoma Neno na nani wanaoketi mbele. Kama wote ni wa kabila moja, mgeni atasema kama fundi wangu alivyosema, na atakuwa na haki. Papa Simon Kimbangu hakulala katika udongo wetu tangu 1951 mpaka 1960, mwaka mwili wake uliporudishwa Nkamba, ili sisi tufanye Kanisa kuwa lupango la watu wa kabila moja.

Tatu, usitukane dini ya mwingine. Papa Kimbangu mwenyewe alibatizwa mwaka 1915 katika misheni ya Wabatisti. Habari ya Yesu aliipata kwa watu waliotoka mbali. Jirani yako Mkatoliki, Mmetodisti, Mwislamu wa Kasongo, au wa makanisa ya uamsho, naye anamtafuta Mungu. Mtume Petro anatufundisha kujibu kwa upole na kwa heshima. Mwenye kushinda mabishano mara nyingi anapoteza mtu.

Nne, usipandishe hofu ili mtu akufuate. Usimwambie mgonjwa kwamba bibi yake ndiye mlozi anayemla. Katika miji yetu watoto wametupwa barabarani, wazee wamechomwa moto, kwa sababu ya maneno kama hayo yaliyotoka vinywani mwa watu wanaojiita wa Mungu. Wala usimwambie mtu atupe dawa za munganga. Tunaombea wagonjwa, ndiyo mwanzo wetu, na hatutaacha. Lakini anayeponya ni Mungu, nasi hatukupewa ruhusa ya kuahidi kwa niaba yake.

Tano, mwache huru. Naamani alipopona, alikuwa na taabu moja. Kazi yake ilimlazimu kuingia na mfalme wake katika nyumba ya mungu Rimoni. Akaomba asamehewe. Sisi tungemkaripia, tungemwandikia sheria kumi. Elisha alimwambia aende kwa amani. Nabii alimwamini Mungu kwamba aliyeanza kazi katika mtu huyu anajua kuimaliza. Tumtangaze Kristo, kisha tumpe Roho Mtakatifu nafasi.

Na mlango uko wazi, ndugu. Tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika inchi yetu nzima, kwa kukumbuka pigano la Simon Kimbangu na dhamiri ya Mwafrika. Siku hiyo jirani haendi kazini. Anapumzika, hajui vizuri sababu. Je, tutavaa, tutapanga gwaride, tutapita mbele yake mara nyingine tena na kumsalimia tu?

Nimalize kwa habari ya mjane yule. Kilio kilipokwisha nilienda kwake, nikaketi kwenye kiti cha marehemu, nikamwomba radhi. Nikamweleza yote ambayo sikumweleza mume wake. Alisikiliza. Kisha akauliza neno moja: "Na yeye sasa, Papa?" Nilimjibu kwamba yeye yuko mikononi mwa Mungu, na Mungu ni mwema kuliko mimi. Akalia, nami nikalia. Mpaka leo anaenda misa yake ya Kikatoliki, na sijamsumbua. Mtoto wake wa kwanza ndiye anayeshona kwa cherehani ile. Mwezi uliopita nilimpelekea kitambaa cha kijani na cha nyeupe anishonee. Safari hii sikungoja aulize. Nilimwambia, mwanangu, kijani ni tumaini, nyeupe ni usafi wa moyo, na sasa nikueleze tunamtumaini nani.

Kila mmoja wenu, kabla ya Jumapili ijayo, ataje mbele ya Mungu jina la mtu mmoja. Mmoja tu. Mtu wa lupango lako, wa kazini, wa sokoni. Umwombee siku sita. Uangalie kama una deni lake, ulilipe kwanza. Halafu ufungue kinywa, useme mstari mmoja kama msichana yule. Mengine ni ya Mungu.

Tuombe. Bwana Yesu, utusamehe Jumapili tulizopita mbele ya watu wako bila neno. Wapokee wale waliokufa wakitungoja tuseme. Uwakumbuke ndugu zetu waliotekwa na waliokimbia, uwape moyo ambao mwenye silaha hawezi kuuteka. Utupe upendo wa kweli, amri zisizo na kiburi, kazi zisizo na bei, na kinywa chenye kusema kwa wakati wake. Kwa jina lako tunaomba. Amina.